Mkweche, Shemeji na Kibao cha Mama Watoto

Jamani naomba kuuliza, na siulizi kwa shari: nani alianzisha hii habari kwamba mtu akichoka na maisha aende kupiga kambi jangwani apumzike? Namtafuta. Sina ugomvi naye. Nataka tu aje ashike jeki upande wa pili.

Mimi nina gari. Naliita gari kwa sababu kadi yake inasema ni gari, ila nyumbani wanaliita mkweche, na sijawahi kushinda hiyo kesi. Forwili ya zamani, ya enzi za kabureta. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Kioo cha dereva hakina mkono wa kuzungushia, unakishusha kwa kiganja na unakipandisha kwa dua. Geji ya mafuta inasema nusu tangu siku niliyolinunua. Nikijaza ni nusu, nikizimikiwa njiani ni nusu. Staata nayo ina siku zake, kwa hiyo popote ninapolala naegesha pua ikiangalia bondeni. Gari lenye betri mbovu unaweza kulisukuma kwenye lami likawaka, lakini jaribu kulisukuma kwenye mchanga uone kama atakayewaka si wewe.

Sasa huyo ndiye farasi wangu wa jangwani, kila mwaka. Na kila mwaka abiria ni wale wale: mama watoto, ambaye anapenda nyota, na kaka yake, ambaye anapenda kunielekeza.

Safari hii tulipakia vizuri, nikiri. Maji tulihesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, na wala hayo si ya anasa, maana hewa ya kule ni kavu mpaka jasho linakauka kabla hujajua kama umelitoa. Watu 3, siku 3, lita 45. Halafu shemeji akaongeza madumu mengine, lita 20. Nikamuuliza, hizi za nani tena? Akaligonga boneti taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Za huyu, shemeji." Nikacheka. Mpaka tunarudi, aliyekunywa kuliko sisi wote ni huyo aliyegongwa boneti.

Kitu kimoja tu nilisahau. Nilikuwa nimekata ubao mzuri, mgumu, mraba, wa kuweka chini ya jeki. Nikausugua kingo zake usinichome vidole. Nikauegemeza nyuma ya mlango ili wakati wa kutoka niuone. Ukweli ni kwamba mlango ukifunguliwa, kitu kilicho nyuma yake ndicho kitu pekee usichokiona. Shikilieni hapo, tutarudi.

Watu wanadhani jangwa ni mchanga mwanzo mwisho. Sahara yenyewe, kilomita za mraba milioni 9 na ushei, mchanga haufiki hata theluthi. Kwingine ni mawe, changarawe na tambarare ngumu. Na kwenye hiyo changarawe, magari yakipita sana, barabara inajikunja mawimbi mawimbi kama bati la kuezekea. Wajuzi wanasema ukikimbia kiasi matairi yanaruka juu ya vilele na husikii kitu. Labda matairi yao. Mimi nikikimbia, nati zinaaga moja moja. Kwanza ilidondoka redio. Halafu kioo cha pembeni kikageuka kikawa kinanitazama mimi. Halafu kukawa na mlio mpya chini, kling, kling, na shemeji akatega sikio na kusema, "Hiyo ekzosi, si kitu." Dakika kumi baadaye ekzosi ikabaki nyuma, tukaanza kusikika kama trekta lenye hasira. Ikabidi turudi kuiokota, ya moto vile vile, tukaifunga kwenye keria juu ya godoro langu. Ndiyo, la kwangu.

Saa saba mchana, mkweche ukachemsha.

Mafundi wanasema gari limechemsha likizidiwa na joto. Mtaani mtu akiharibu jambo naye amechemsha. Siku ile maana zote mbili zilikuwa zinatoka kwenye boneti moja. Na kisa chenyewe ni kifuniko cha rejeta, kidude cha kushika mkononi. Kifuniko kizima kinabana maji, na maji yakibanwa hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia hadi karibu 120. Changu mpira wake umekauka, una nyufa kama kisigino changu, haubani chochote. Nililijua hilo tangu mwaka juzi. Nilikuwa nalifikiria.

"Washa hita," shemeji akasema.

Nikamwangalia. Nje nyuzi 40 na zaidi. Ndani viti vya plastiki vinashika mapaja kama gundi. Na mtu mzima, mwenye akili zake, mjomba wa wanangu, ananiambia niwashe hita.

Kinachouma ni kwamba alikuwa sahihi. Hita ya gari ni rejeta nyingine ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Ukiifungulia, maji ya moto ya injini yanapita humo na feni inakupulizia joto lake usoni. Injini inapoa, nyinyi mnaiva. Tukaenda hivyo kama nusu saa, vioo chini, hita juu, shemeji ameweka kitambaa cha maji kichwani, mama watoto ametoa kichwa nje, na mimi navuja jasho mpaka usukani unateleza. Mshale ukashuka. Nikasema alhamdulillahi. Upepo ukageuka ukawa unatupuliza kutoka nyuma, feni ikakosa hewa ya kuvuta, mshale ukapanda tena. Ikabidi tusimame, tuligeuze gari pua kwenye upepo, na tuliache lingurume pale bila kwenda popote, maana ukizima ghafla maji hayazunguki na joto lote linabaki limekaa ndani ya injini.

Hapo ndipo shemeji alipoanza somo. Ana huo ugonjwa, anasimulia mtu mwingine akiwa na spana mkononi. Kwamba kulikuwa na Mwingereza, Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi, miaka ya 1920 na 1930 akizunguka na wenzake jangwa la Libya kwa magari ya Ford ya kawaida, hata forwili hayana. Rejeta zao zikichemka hawakuacha mvuke upotee. Walitoa bomba kwenye rejeta hadi kwenye debe lenye maji pembeni ya gari, mvuke ukaingia humo ukarudi kuwa maji, na injini ikipoa rejeta inayavuta yenyewe. Hakuna tone linalomwagika.

"Sasa sisi debe letu liko wapi?" nikauliza.

Akanyamaza. Wataalamu wa historia ukiwauliza debe wananyamaza.

Tukafika kwenye matuta ya mchanga jioni. Hapa nakubali kosa ni langu, lakini nakubali hapa tu, nyumbani nitakana. Kila anayejua mchanga anajua ukiingia unapunguza upepo wa matairi. Kama barabarani unatembea na 35 kwenye geji ya upepo, za psi, teremsha mpaka 18 hivi. Tairi linalala, unyayo wake unarefuka, uzito unatawanyika kama unyayo wa ngamia, unapita juu badala ya kuchimba. Najua yote hayo. Ila najua pia kwamba kuujaza tena ni kazi ya pampu yangu ndogo inayonyonya betri, na pampu hiyo kwa tairi moja inachukua muda wa mtu kuoa na kuacha. Nikasema, tuta lenyewe dogo hili, napita hivyo hivyo.

Nilipita mita kumi na tano.

Nikasikia injini inanguruma, mandhari imesimama. Nikakanyaga zaidi. Usikanyage zaidi. Unapokanyaga zaidi hutoki, unajizika. Nilipofungua mlango, kizingiti kilikuwa sawa na ardhi, nikashuka kama mtu anayeshuka kwenye mkeka. Mama watoto akazunguka gari lote, mikono nyuma, akaja akasimama mbele yangu. "Baba watoto, si ulisema dogo?"

Sepetu tukawa nayo. Tukachimba. Mchanga mkavu ukiuchota koleo moja, wenzake wawili wanateremka kujaza nafasi. Ikabidi tunyanyue gari kwa jeki tuweke mawe chini ya matairi. Nikaweka jeki, nikazungusha. Gari halikupanda. Nikazungusha tena. Nikainama kuangalia: jeki ndiyo inayoshuka. Nilikuwa nachimba kisima.

"Weka kile kibao chako," shemeji akasema.

Nikajifanya naangalia tairi.

"Shemeji, kibao."

Nikaliangalia tairi zaidi. Mama watoto ndiye aliyemalizia, kwa sauti ya upole ambayo siipendi: "Kiko nyuma ya mlango. Nilikiona asubuhi nikadhani umekiacha makusudi."

Kimya kikapita. Halafu macho yetu wawili, mimi na shemeji, bila kuambizana, yakaenda kwenye kapu la vyombo. Ndani yake mlikuwa na kibao cha kukatia mboga. Mninga, mzito, mweusi kwa uzee, katikati kimeliwa na kisu mpaka kimebonyea kama sahani.

"Hapana," mama watoto akasema.

"Mke wangu, dakika tano tu."

"Hicho kibao nimekaa nacho kuliko nilivyokaa na wewe."

Jua nalo lilikuwa linaondoka. Alikitoa yeye mwenyewe, akakipangusa kwa khanga, pande zote mbili, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayempeleka mtoto bweni. Nikakiweka chini ya jeki. Nikazungusha. Mkweche ukapanda, sentimita kwa sentimita, ukilia kila kiungo. Tukasukuma mawe chini ya tairi la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilipofika juu kabisa, kikasema ka!

Gari lilitoka. Kibao kilitoka vipande viwili. Mama watoto akavitazama, akasema, "Haya." Waliooa wanaijua hiyo haya.

Usiku ule sikuulizwa chochote, na kimya kile kilikuwa baridi kuliko jangwa, na jangwa lenyewe lilikuwa baridi. Mchana unaungua, ikifika alfajiri unatafuta soksi za pili. Hakuna wingu la kuzuia joto, linaondoka lote kwenda angani na kukuacha na godoro linalonuka ekzosi. Shemeji alitaka tulale kwenye korongo kavu, eti kuna mchanga laini na upepo haufiki. Dada yake akakataa, na alikataa vizuri: mvua inaweza kunyesha mbali usikoiona na maji yakakujia usingizini kwenye korongo hilo hilo. Tukalala juu, kwenye mawe.

Ningelala hata hivyo. Lakini shemeji alikuja na tochi ya mwanga wa zambarau, ile ambayo nge akimulikwa anang'aa kijani. Kaimulika huku, mmoja. Kaimulika kule, wawili. Kwenye kiatu changu, mmoja, ametulia kama kalipa kodi. Miaka yote hii nimelala jangwani na nge hao hao, kwa amani, kila mtu na shughuli zake. Sasa nimeshawaona. Nilikaa mpaka asubuhi nimekumbatia viatu, na nyota, nasikia zilikuwa nzuri.

Tulirudi. Mchanga umerudi nasi: kwenye masikio, kwenye kitanda, kwenye simu, kwenye bahasha ambayo haikwenda hata safari. Ekzosi imechomelewa. Kifuniko cha rejeta nakifikiria.

Jana shemeji kapiga simu, kaona tuta jipya, anauliza tunaondoka lini. Nikamwambia mimi safari hii siendi kizembe, naanza na kibao. Nikaenda nyuma ya mlango. Hakuna kitu. Nikaingia jikoni. Mama watoto amesimama mezani anakata vitunguu, taratibu, juu ya ubao mzuri, mgumu, mraba, uliosuguliwa kingo zake usichome vidole.

"Mke wangu," nikasema, "hicho si ndicho kibao changu cha jeki?"

Hakugeuka. "Kipi?" akasema, akachukua kitunguu kingine.