Isabelle Huppert na lawama ya ukavu

Wanaomkosoa Isabelle Huppert, mwigizaji wa Ufaransa, hawasemi kwamba hajui kuigiza. Wanasema anaigiza mtu yuleyule: mwanamke mkavu, asiyeomba huruma, anayetenda jambo la kutisha bila uso kubadilika. Ushahidi wao si haba. Katika filamu ya Violette Nozière (1978) alicheza binti aliyewatilia wazazi wake sumu, akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes. La Cérémonie na Elle, zilizompa César mbili, tuzo za filamu za Ufaransa, haziko mbali na hapo. Isitoshe, amekwishacheza filamu zaidi ya mia moja, na kwa kasi hiyo kujirudia hakukwepeki. Baadhi ya kazi zake za karibuni, tuseme ukweli, zinabebwa na jina lake tu.

Hata hivyo, hebu tazama mwisho wa La Pianiste (2001). Erika, mwalimu wa piano wa Vienna anayechezwa na Huppert, amesimama kwenye lango la ukumbi, watu wanaingia kusikiliza muziki. Kijana aliyemuumiza anapita na kumsalimia kana kwamba hakuna neno. Erika anatoa kisu mkobani. Uso unajikunja, meno yanaonekana, kwa sekunde chache tu. Anajichoma karibu na bega, uso unarudi ulivyokuwa, anatoka zake nje. Mtu mkavu kwa asili angekuwa na nini cha kufungia ndani haraka namna ile?

Jukwaani watetezi wake wana hoja nzito zaidi, kwani huko hakuna kamera ya kumsogelea. Mwaka 2002, kwenye ukumbi wa Bouffes du Nord jijini Paris, aliigiza tamthilia ya 4.48 Psychose akiongozwa na Claude Régy: karibu saa mbili amesimama palepale, hapigi hata hatua moja. Si mchezo wa kumpendeza kila mtu, lakini huwezi kuuita uvivu wa kurudia mazoea.

Kazi inayozisumbua pande zote mbili ni White Material (2009), filamu ya mwongozaji Claire Denis iliyopigwa picha Kamerun. Huppert ni Maria, Mfaransa anayesimamia shamba la kahawa na kukataa kuondoka vita vikipamba moto, eti mavuno hayajakamilika. Ukavu uleule tuliozoea kuuita ujasiri hapa ni upofu wa mlowezi. Vibarua wake wanapokimbia, anakwenda kutafuta wengine, na hao ndio wanaoletwa kwenye hatari kwa ajili ya kahawa isiyo yao.