Gunia si Kipimo

Jumatano asubuhi nilisikia redioni bei za mazao zikisomwa: viazi mviringo, gunia shilingi kadhaa, vitunguu, gunia shilingi kadhaa, kabichi vivyo hivyo. Kilo haikutajwa hata mara moja. Nilizima redio kwa hasira, kwa sababu siku nne kabla nilikuwa Njombe, shambani kwa mama, na nilishuhudia kwa macho yangu neno 'gunia' linavyomla mkulima.

Vijana wa dalali walijaza mfuko hadi mdomoni, wakaushonea kilemba cha neti, kisha wakaendelea kuongeza viazi huku wakitikisa na kushindilia, hadi lumbesa, yaani mfuko uliojazwa kupita kiasi, ikamfika mpakiaji kifuani. Mama akasema, "Mwanangu, hilo si gunia moja." Dalali akamjibu kwa upole, "Mama, gunia ni gunia, ndiyo bei ya sokoni." Tukaazima mzani kwa jirani anayefuga nguruwe. Kilo 148. Bei waliyopatana ilikuwa shilingi 60,000, ambayo kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 600 kwa kilo; kwa mfuko ule ilishuka hadi 405. Kilo 48 za juu, zenye thamani ya shilingi 28,800, ziliondoka bure, na mifuko ilikuwa 22. Pigeni hesabu wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba viazi hivyohivyo vilipandwa kwa mbolea iliyouzwa kwa uzito kamili. Mfuko wa mbolea umeandikwa kilo 50, umeshonwa kiwandani, wala hakuna muuza pembejeo atakayemwongezea mama kilemba cha mbolea kwa kuwa ni mteja wa siku nyingi. Mkulima ananunua kwa mzani na kuuza kwa macho. Halafu tunaitana semina kujadili tija, mnyororo wa thamani na kilimo biashara, kana kwamba mtu asiyejua ameuza kilo ngapi anaweza kujua kama amepata faida.

Sheria tunayo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao kinajulikana hadi kwa wapakiaji. Wenzetu wa Kenya walishuka hadi kilo 50 kwa mfuko wa viazi katika kanuni zao za mwaka 2019, baada ya kuchoshwa na mfuko wanaouita mukorino, ambao nao una kilemba chake.

Tena kupima kunawezekana, maana kwa mazao mengine tunapima. Korosho ya Mtwara na Lindi hupimwa katika chama cha msingi, huingia ghalani kwa stakabadhi, na bei ya mnada hutangazwa kwa kilo. Serikali ilipotangaza shilingi 3,300 mwezi Novemba 2018, kila mkulima alielewa ni 3,300 ya nini. Aliyekuwa ameshauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, alielewa pia, kwa uchungu, kile alichopoteza. Kwa nini basi kiazi, ambacho ni chakula cha mjini na shamba, kiendelee kuuzwa kwa urefu wa mfuko?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba dalali hakuianzisha lumbesa peke yake. Mpakiaji analipwa kwa gunia, lori linakodiwa kwa gunia, na katika vizuizi vingi ushuru unahesabiwa kwa gunia. Kila anayehesabu magunia badala ya kilo anamsukuma mnunuzi kuyajaza zaidi. Nakubali pia kwamba mzani wa mtu mmoja hautoshi. Dalali akikuta mzani kwenye shamba hili, anahamia kwa jirani mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hiyohiyo. Ndiyo maana mzani unapaswa kukaa kwenye kituo cha kijiji cha kukusanyia mazao, na lori lisipakie mahali pengine.

Lakini redio haihitaji kituo wala bajeti ili kusema "kilo moja ya viazi". Mkulima akisikia bei ya kilo kila asubuhi kwa msimu mzima, ataanza kuidai shambani. Mama ameshaanza: ameniagiza mzani kabla ya mavuno yajayo, na amewaambia majirani wawili wapimie kwake.