Eti Jeni, Basi Tukae Tusubiri Kufa?

Kuna kauli moja nikiisikia napandwa na hasira: "Saratani ya tumbo iko kwenye jeni, hakuna la kufanya." Juzi nimeisikia tena, na msemaji ni mtu aliyesoma, anaitamka kwa utulivu wa hakimu anayesoma hukumu.

Haya, tuanze na MLH1, jeni inayosaidia kusahihisha makosa seli inaponakili DNA. Katika baadhi ya saratani za tumbo ukiichunguza unakuta herufi zake zote zipo mahali pake. Ila kwenye sehemu ya kuiwashia pamebandikwa vikundi vya methili, kaboni moja na haidrojeni tatu, vitu vidogo kupindukia. Jeni imezibwa mdomo. Makosa yanarundikana bila wa kuyasahihisha.

Nani kabandika? Mara nyingi mshukiwa si babu yako. Ni Helicobacter pylori, bakteria ambaye daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa mwenyewe mwaka 1984 kuwamaliza wabishi waliokataa kwamba anaugonjesha tumbo. Bakteria huyo akikaa tumboni miaka na miaka, ukuta wa tumbo haupumui kwa inflamesheni, yaani uvimbe wa mwili unaojihami, na methili zinajibandika ovyo hata kwenye tumbo ambalo bado halina saratani. Akitibiwa kwa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, methilesheni, yaani huko kubandikwa methili, hupungua. Haiishi yote, na ndiyo maana kuchelewa kunaniuma.

Sawa, wapo wanaorithi. CDH1, jeni inayosaidia seli kushikana, ikiwa na hitilafu ilibainika mwaka 1998 katika familia za Wamaori wa New Zealand, sibishi. Lakini hata hao huzaliwa na nakala moja nzima, na mara nyingi kinachokuja kuizima ni methilesheni hiyohiyo.

Wauza vidonge vya "kuamsha jeni" nao watupumzishe: azasitidini, dawa halisi ya kupunguza methilesheni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maradhi ya uboho, si ya tumbo.

Na kwa wanaong'ang'ania ukoo: Korea Kusini walichukua watu wenye bakteria huyo ambao mzazi, ndugu au mtoto wao aliugua saratani ya tumbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, baada ya kuwafuatilia kwa takriban miaka 9. Kati ya 832 waliopewa tiba, waliougua ni 10. Kati ya 844 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 23.