Muuza mchanga asikae kamati ya mapokezi

Huku Nyanda za Juu Kusini madarasa na zahanati nyingi zinajengwa kwa fosi akaunti: vifaa vinanunuliwa na kamati, fundi analipwa ufundi wake. Kwa kuwa mkandarasi hayupo, watu wanadhani mgongano wa maslahi nao haupo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo umejificha zaidi.

Kwenye zabuni kubwa angalau kuna vizuizi. Mjumbe wa kamati ya tathmini anasaini tamko kwamba hana maslahi na mzabuni yeyote, zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na diwani anajaza fomu ya mali na madeni kila mwaka. Shuka kijijini sasa. Kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ile inayopokea vifaa, zote zinatoka kwa majirani, na Mafinga kumpata mjumbe asiye na shamba la miti wala ndugu mwenye lori ni shughuli. Simlaumu mtu kwa kuwa na mbao. Ubaya ni auze yeye, apokee yeye.

Chukua mchanga. Lori lenye bodi ya urefu wa mita 4, upana mita 2 na kina sentimita 50 linabeba mita za ujazo 4. Likija limejaa hadi sentimita 40, ni mita 3.2. Kwa tripu 20 shule imelipia mita 80, imepata 64: tripu 4 nzima hazipo. Kamati ya mapokezi ndiyo inayopaswa kupanda na futi kamba kabla lori halijamwaga. Lori likiwa la shemeji wa mwenyekiti, nani atapanda? Mchanga unaisha lipu haijafika nusu, na fedha ya dari inakwenda kununua mchanga tena.

Tamko la maslahi litolewe kabla bei hazijaombwa. Ukisubiri nukuu za bei zifike, mjumbe ameshaona bei za wenzake. Mwenye maslahi aseme ni yake, ya mke, ya mtoto au ya mbia wake, kisha atoke nje ya chumba. Mtendaji aandike kwenye muhtasari saa aliyotoka na saa aliyorudi. Mihtasari mingi inasema tu "alitangaza maslahi" huku mtu amekaa palepale akichangia. Auze akishinda kwa bei, lakini kwa mradi huo asiwe kwenye kamati yoyote kati ya hizo tatu. Na nukuu tatu zikija, linganisheni namba za simu na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Mbili zikiwa na simu moja, ombeni upya.

Mhandisi wa halmashauri naye asiachwe: anayekadiria vifaa na kuidhinisha malipo hawezi kuwa na hisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi linalouzia mradi huohuo.

Mwishoni mwa kila wiki ibandikwe karatasi kwenye ubao wa matangazo wa shule: nani kauza, tripu ngapi, bei gani. Kijijini hakuna asiyejua nani ni shemeji wa nani.