Garanti ya Gari Haingoji Miaka Mitatu

Shemeji wangu alipopata pikapu yake mpya hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa injini. Kilikuwa kitabu cha garanti, kikiwa bado ndani ya nailoni. "Miaka mitatu ao kilomita elfu mia moja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeachiwa kiwanja na babu yake. Kisha akakirudisha kwenye dashibodi na nailoni yake. Alikuja kukifungua miezi ishirini baadaye, na wakati huo kilikuwa hakimfai tena.

Tupige hesabu yake. Anapeleka vipuri Kolwezi mara mbili kwa wiki. Kwenda ni karibu kilomita 300, kurudi vilevile. Wiki moja ni kilomita 1,200, na mwaka mmoja ni kama 60,000 ukiondoa sikukuu na siku za malaria. Kwenye kalenda kulikuwa kumebaki zaidi ya mwaka mzima, lakini mita ya kilomita ilishafika elfu mia moja. Yeye alisoma lile "ao" kama anayechaguliwa soda: hii ao ile. Mkataba unalisoma vingine: kitakachotangulia kufika ndicho kinachofunga mlango. Kwa mtu wa njia ya Kolwezi ao ya Kasumbalesa kule mpakani, kilomita ndizo zitakazotangulia.

Alama ya kasoro aliiona mwenyewe. Alisimama Likasi kununua maji, akafungua boneti, akakuta chini ya pampu ya maji mchirizi wa rangi ya waridi uliokauka, wa maji ya kupozea injini, mgumu kama nta ya mshumaa. Mita ilisoma 98,700. Akapigia simu garaji la muuzaji, wakamwambia alete wiki ijayo. Wiki ijayo kulikuwa na mzigo. Iliyofuata pia. Pikapu ilirudi mjini ikivutwa kwa kamba, ikiwa na 101,300, na kijana wa mapokezi akatazama mita kabla ya kutazama uso wa mtu.

"Mukubwa, garanti ilishaisha."

"Lakini niliwaita mbele iishe!"

"Uliandika fasi gani?"

Hakuandika fasi yoyote. Akalipa dola 380.

Nilikasirika naye pamoja, na bado naona wangeweza kumsaidia. Viwanda vingi hubeba gharama, yote ao nusu, kwa mteja aliyepita mpaka kidogo, mradi gari limetunzwa kwao. Ni hiari yao, lakini huombwa. Tatizo ni kwamba kurasa zake za sevisi zilikuwa na mapengo. Kitabu kilekile kinasema wazi kwamba gari la vumbi na mizigo mizito hubadilishwa oili na filta mapema kuliko gari la lami. Vumbi letu jekundu la kiangazi mnalijua. Linaingia hata kwenye friji. Yeye alifuata ratiba ya lami.

Ndiyo maana nasema tumeielewa garanti vibaya. Tunaichukua kama bima ya kila balaa, kumbe ni kiwanda kukubali kujibu makosa yake tu. Pedi za breki, klachi, matairi, balbu: hivyo vinaliwa na matumizi, havimo. Mafuta machafu ya bidoni ya kando ya barabara, ajali, springi ulizoongeza ili ubebe zaidi: havimo. Kinachobaki ndani ni kasoro iliyotoka kiwandani, na kasoro hiyo lazima mtu aitaje, kwa maandishi, kabla ya mita kufika. Kwa hiyo kilomita 5,000 za mwisho ndizo za thamani kuliko zote. Lipeleke gari lipandishwe juu, likaguliwe chini: oili inayovuja, sauti, usukani unaovuta upande. Kila lalamiko liandikwe kwenye karatasi ya kazi pamoja na kilomita na tarehe, wapige muhuri, ubaki na nakala. Wakisema "hii ni kawaida ya gari hili", basi na hilo waliandike.

Onyo kwa wanaojifunza haya YouTube. Mmarekani akizungumzia Toyota atakuambia miezi 36 ao maili 36,000 kwa gari zima, na miezi 60 ao maili 60,000 kwa injini na giaboksi. Kia za Ulaya zina miaka saba ao kilomita 150,000. Ni kweli, huko kwao. Garanti hufuata soko ambalo gari liliuzwa, na saa yake huanza siku mteja wa kwanza alipokabidhiwa funguo, si siku wewe ulipolipa. Gari la okazyoni, yaani lililokwisha kutumika, kutoka Japani lililopita Dar es Salaam likaingia Kasumbalesa halina kiwanda cha kulijibia hapa, hata muuzaji aape.

Kitu kimoja hakifi na garanti: kiwanda kuliita gari lenye kasoro ya usalama lirudi kutengenezwa. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni iliyofilisika 2017, imefanya makumi ya mamilioni ya magari yaitwe dunia nzima, kwa sababu baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Mengi ya magari hayo ni makongwe, ya umri uleule tunaoupenda. Namba ya chesisi huangaliwa bure kwenye tovuti ya kiwanda.

Je, ununue garanti ya nyongeza wanayokuuzia mwishoni? Mimi nimekataa. Mara nyingi anayeiuza si kiwanda, na kila dai lina kiasi chako cha kulipa kwanza. Nikauliza kuhusu injekta za dizeli, maana ndizo zinazotuua huku. Jibu: zimo, isipokuwa zikiharibiwa na mafuta mabaya. Sasa nani Katanga amewahi kuharibikiwa injekta kwa mafuta mazuri? Ile hela nimeiingiza likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu. Mwenye gari la haibridi ao giaboksi ya otomatiki ngumu anaweza kuwa na hesabu tofauti, ila aulize kwanza ni garaji gani la hapa mjini litakalofanya kazi, na nani atalilipa.

Gari langu limefika 94,200. Ijumaa nalipeleka, na nimeshaandika malalamiko sita kwenye daftari la mtoto. La sita ni mlango wa nyuma unaolia kila nikipita tuta la Ruashi. Mke wangu anasema nitachekwa. Wacheke, lakini waliandike.