Dramu ya Kiki Haikuundwa Kulea Vifaranga

Jumamosi iliyopita nilikwenda upande wa Rau, hapa Moshi, nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, kupeleka bahasha ya mchango wa harusi, na kabla sijamaliza kutoa shikamoo nikasikia vifaranga wakilia ndani ya kitu ambacho macho yangu yalikitambua mara moja. Ilikuwa dramu ya kiki, ile kubwa ya chini inayopigwa kwa mguu, ya inchi 22, ileile niliyoikanyagia pedali kwa miaka sita nikiwa kwaya ya vijana. Ilikuwa imesimamishwa juu ya gunia, haina ngozi wala ringi ya kuibana ngozi, ndani imejazwa maranda ya seremala, na balbu imening'inizwa katikati kwa waya. Mama mwenye nyumba alinieleza kwa furaha ya kweli kwamba katika boksi vifaranga walikuwa wakirundikana kwenye kona na kufa, lakini humu hakuna kona. Nilikubali, kwa sababu ni kweli kwamba mzinga wa dramu, yaani mwili wake wa mbao, hauna kona. Nikanywa chai, nikashukuru, nikarudi nyumbani na hasira ambayo hadi leo haijaisha.

Wasomaji wangu wa Moshi wanaijua habari ya seti mpya ya dramu za kanisa letu. Kamati ilitangaza kwamba dramu za zamani zimechakaa na hazitoi sauti inayofaa ibada, ikafanyika minada baada ya ibada kwa Jumapili kadhaa, mkungu mmoja wa ndizi ukauzwa na kurudishwa na kuuzwa tena hadi nikauonea huruma, na hatimaye zikapatikana sh 1,600,000. Ikaletwa seti nyekundu inayong'aa kama gari la bwana harusi, ikapigwa picha, ikaombewa. Kipya kinyemi, na mimi sikuwa na nia ya kuharibu sherehe ya watu. Lakini nimeipiga seti hiyo. Tomu zake, zile dramu za kati, zinalia kama ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, snea, ile dramu fupi yenye nyaya chini, inabwata, na stendi ya matoazi inashuka yenyewe taratibu katikati ya wimbo, kana kwamba inasinzia. Katika miaka sita niliyoipiga seti ile ya zamani, na mingine mitano baada ya mimi kuondoka, hakuna aliyewahi kubadilisha ngozi hata moja. Zilikuwa na mabonde ambayo ungeweza kuwekea maji ya kunywa ndege. Kisha tukashangaa kwamba dramu hazilii! Huyo ni mtu anayetupa cherehani kwa sababu sindano imekuwa butu.

Ningependa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linaloziangusha kamati zote. Sauti ya dramu haitoki kwenye rangi, wala haitoki kwenye jina lililobandikwa mbele. Kwanza inatoka kwenye ngozi, pili kwenye ukingo ambao ngozi hiyo inaukalia, na tatu kwenye mkono wa yule aliyeikaza. Mbao za mzinga nazo zina mchango wake, sikatai, lakini mzinga wa plaiwudi ya kawaida wenye ukingo ulionyooka na ngozi nzuri utaushinda mzinga wa mbao ghali uliowambwa ovyo, na utaushinda kila siku. Tunaiita ngozi kwa mazoea tu, maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati kampuni kama Remo, iliyoanzishwa mwaka 1957, zilipoanza kuuza ngozi za plastiki ya poliesta, dramu za namna hii ziliachana polepole na ngozi ya ndama. Wazee wetu wanaopasha ngoma motoni kabla ya kucheza wanajua kwa nini: ngozi ya mnyama hulegea ikishika unyevu na hujikaza ikikauka, na katika masika ya huku mlimani ungehitaji jiko la mkaa kando ya mimbari. Plastiki haihitaji moto. Hata hivyo plastiki nayo huchoka, hutanuka pale fimbo inapotua, na ikishatanuka hairudi tena hata ungeikaza mpaka bolti zilie. Ngozi ya kawaida yenye tabaka moja ina unene wa sehemu 10 za elfu za inchi, yaani karibu robo milimita. Robo milimita hiyo ikipigwa kwa miaka kumi na moja na vijana wenye nguvu za ugali, wewe ulitarajia nini?

Nayasema haya kwa sababu nimeyafanya kwa mikono yangu. Mwaka jana nilinunua seti ya vipande vitano pale Kiboriloni, kwa mfanyabiashara wa mitumba ambaye alikuwa amezipanga tomu kwa ukubwa wake na kuweka viatu vya watoto juu yake, kwa sh 280,000 baada ya mabishano marefu ambayo sina haja ya kuyasimulia. Jina la kampuni lilikuwa limekwanguliwa. Kromu ya ringi ilikuwa na kutu, pedali haikuwa na mkanda, na tomu ya inchi 12 ilikuwa imeanza kuachana matabaka ya plaiwudi upande mmoja, ikifunguka kama daftari lililolowa.

Nilimpelekea rafiki yangu seremala wa Majengo, naye akacheka kwanza, kama wanavyocheka mafundi wote kabla ya kukubali kazi. Matabaka yaliyoachana tuliyatibu kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, tukaisukuma ndani kwa bomba la sindano lililonunuliwa duka la dawa, kisha tukauzungushia mzinga vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvivuta kwa nguvu mpaka gundi ikatoka pembeni, tukaifuta, tukaiacha siku mbili. Baada ya hapo ndipo ilipokuja kazi ambayo ningependa kila kijana anayejiita mpiga dramu aifanye walau mara moja maishani. Tulisubiri giza. Tukaweka mzinga kifudifudi juu ya kioo kinene alichokuwa nacho fundi wa madirisha jirani, tukawasha tochi ya simu ndani yake, na tukainama kutazama pale ukingo unapokutana na kioo. Ukingo ulionyooka hautoi mwanga. Wa kwetu ulitoa mwezi mwandamo wa mwanga wenye urefu wa kiganja, na seremala yule, aliyekuwa akicheka mwanzoni, akanyamaza, akapiga goti na kuupapasa kwa ukucha. Hapo ndipo ilipokuwa imelala sauti ya ndoo. Ngozi ilikuwa ikigusa mbao huku na kuelea kule, na hakuna ufunguo wa bolti duniani unaoweza kuikaza ngozi inayoelea.

Dawa yake si ya ajabu. Tulibandika msasa namba 120 juu ya kioo kilekile, tukausugua mzinga juu yake kwa mzunguko, na kila baada ya mizunguko kumi tukaugeuza robo ili uzito wa mkono usiule upande mmoja. Mwanga ulipokwisha, seremala aliurudisha mteremko wa ndani wa nyuzi 45 kwa randa ndogo na msasa laini, polepole, kwa sababu mbao iliyokatwa hairudi. Tukamalizia kwa kupitisha mshumaa kwenye ukingo ili ngozi iteleze na kukaa sawa. Kazi ya tomu moja ilichukua jioni nzima, na kwa seti yote ilichukua wiki mbili, tukiacha siku za misiba na siku umeme ulipokatika.

Mengine yalikuwa madogo. Mkanda wa pedali niliukata kutoka kwenye mkanda wa usalama wa gari bovu. Washa za matoazi, vile vipande laini vya duara ambavyo toazi hukalia, nilizikata kwenye kandambili, na kipande cha mpira wa maji kikavalishwa kwenye chuma cha stendi ili kisiendelee kulila tundu la toazi. Ndani ya vile vishikio vya pembeni mwa mzinga vinavyopokea bolti mlikuwa na springi ambazo zilinguruma kila nilipopiga kiki, nikazijaza pamba, zikanyamaza. Kutu ya ringi niliitoa kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, na haikutoka yote.

Lipo kosa langu ambalo lazima niliungame. Bolti tatu za kukazia zilikuwa zimepotea, nami nikaona ujanja wa kununua bolti za milimita 6 kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Meno ya bolti za dramu nyingi za Marekani na Asia huhesabiwa 24 kwa inchi, na unene wake ni pungufu kidogo ya milimita 6, lakini kwa macho huoni tofauti. Nililazimisha kwa spana. Niliharibu vishikio viwili, na kwa wiki nzima nikawa mtu asiyependa kuulizwa habari za dramu. Ni kweli wapo watengenezaji wanaotumia milimita 6, Sonor ya Ujerumani ikiwa mmoja wao, lakini seti yangu haikuwa ya huko, na mimi sikuwa nimepima.

Ngozi sikuzipata Moshi. Niliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi: tano za juu, pamoja na ile nyembamba ya chini ya snea ambayo watu wengi hawajui kwamba ipo. Ngozi, nyaya za snea, gundi, msasa na soda za seremala vilinigharimu sh 360,000. Ukijumlisha na bei ya Kiboriloni, nilitumia sh 640,000, na mweka hazina yeyote anaweza kutoa hesabu hiyo kutoka kwenye 1,600,000 bila kikokotoo.

Kisha kuna kukaza, ambako ndiko tunakoharibu hata vilivyo vizima. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wakimaanisha ubinafsi wa watu, lakini kwa mpiga dramu hilo ni onyo la kiufundi kabisa. Ukianza bolti moja na kufuata ya jirani yake na ya jirani yake, ngozi inavutwa upande mmoja na haitasahau. Unakaza zote kwa vidole kwanza, halafu kwa ufunguo unaizungusha bolti moja nusu mzunguko na kuvuka hadi ile inayotazamana nayo, ukienda kwa misalaba, kisha unagonga kwa kidole karibu na kila bolti, sentimita mbili au tatu kutoka ukingoni, na kusikiliza. Inayolia chini unaipandisha kidogo, inayolia juu unailegeza. Hakuna siri nyingine. Nimewaona vijana wetu wakikaza bolti mbili zilizo karibu na mkono wa kulia kwa sababu ndizo zinazofikika bila kuinuka kwenye kiti, halafu wakibandika utepe wa gundi juu ya ngozi mpaka ikafanana na mguu wa majeruhi, halafu wakamwambia mchungaji kwamba dramu zimezeeka.

Nitakubali mambo mawili, na nayakubali shingo upande. La kwanza ni kwamba si kila mtumba unafaa kuokolewa. Mzinga ulioliwa na mchwa, au uliokaa kwenye maji mpaka ukawa yai, umekwisha, na seremala atakula hela yako bure. La pili ni matoazi. Toazi la bei rahisi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na hakuna msasa wala maombi yatakayoligeuza kuwa shaba yenye asilimia 20 ya bati kama yale mazuri, wala hata asilimia 8 kama yale ya kati, kwa hiyo hapo hutengenezi bali unanunua. Ila naomba nikumbushe kwamba seti nyekundu nayo ilikuja na matoazi ya shaba na zinki. Kama kamati ingenunua ngozi kwa ajili ya seti ya zamani, fedha iliyobaki ingetosha matoazi ya maana, na yangedumu kuliko sisi sote tuliokaa kwenye kikao kile.

Niliambiwa pia kwamba seti mpya ni heshima kwa madhabahu. Sina jibu la hoja hiyo, isipokuwa kwamba masikio nayo yalikuja ibadani.

Kwa sasa nimeanza mazungumzo na yule mama wa Rau. Amekubali kuniachia mzinga vifaranga wakishaota manyoya ya kutosha, kwa sharti kwamba nimtengenezee kizuizi kingine cha duara, na seremala wa Majengo tayari amekubali kukikunja kwa bati. Tomu mbili nimezikuta stoo nyuma ya mifuko ya saruji, snea iko kwa mwalimu wa watoto, na tomu ya sakafuni bado naitafuta, ingawa nina wasiwasi kwamba mtu anaifulia nguo. Kinachokosekana kabisa ni ringi ya inchi 13 yenye matundu sita. Mwenye nayo, hata ikiwa na kutu, aniambie, na kama hataki fedha, mama amesema tunaweza kumlipa kwa jogoo.