Kufukua ndege za vita: anatafutwa rubani au kinatafutwa chuma?

Mapema mwaka 2012, mfanyakazi wa kampuni ya mafuta kutoka Poland aliikuta ndege ya kivita ya Uingereza imekaa juu ya mchanga katika Jangwa la Magharibi la Misri. Ilikuwa Kittyhawk yenye namba ET574, na ilikuwa hapo tangu tarehe 28 Juni 1942. Rubani wake, Dennis Copping, kijana wa miaka 24, hakuwemo. Alitua akiwa hai. Kando ya ndege palikuwa na mabaki ya parachuti aliyoitandaza kupata kivuli, na redio na betri zilikuwa zimetolewa nje, dalili kwamba alijaribu kuita msaada. Kisha akaondoka kwa miguu, na hajaonekana mpaka leo.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia mambo haya. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yalitoa ndege nyingine ya kivita, Spitfire, kutoka kwenye akiba yake ili kumlipa mkandarasi aliyepewa kazi ya kuileta Kittyhawk hiyo nyumbani. Haikuja. Ilibaki Misri, ikapelekwa kwenye makumbusho ya El Alamein, na baadaye ikapakwa rangi mpya kwa namna iliyowafanya wapenzi wa ndege za zamani washike vichwa. Mifupa iliyoonekana kilomita kadhaa kutoka ilipokuwa ndege haikuthibitishwa kuwa ya Copping. Jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu huko El Alamein, pamoja na wenzake wasio na kaburi. Kwa hiyo ndege moja nzima ilitolewa kwa ajili ya ndege nyingine, na rubani akabaki jangwani.

Kwa kawaida mjadala huu huwa na kambi mbili. Wapo wanaosema mabaki ya ndege za vita yafukuliwe ili wafu wapate majina, na wapo wanaosema hayo ni makaburi, yaachwe. Mimi naona kazi zenyewe ni mbili, kumtafuta mtu na kuokoa chuma, na mara nyingi kazi ya pili hufanywa kwa jina la ya kwanza. Tusipozitenganisha, kila kambi itakuwa na haki nusu.

Ukubwa wa jambo si mdogo. Marekani bado inahesabu takriban wanajeshi 72,000 wa Vita vya Pili vya Dunia ambao hawajulikani walipo, wengi wao wakiwa wamezama baharini. Kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, karibu na London, kuna majina zaidi ya 20,000 ya wanaanga wasio na kaburi linalojulikana. Serikali hizo mbili zimechagua njia tofauti kabisa. Marekani ina idara maalumu ya Wizara ya Ulinzi, DPAA, yenye maabara Hawaii, na bunge lilishaweka lengo la kutambua watu wasiopungua 200 kwa mwaka. Waingereza hawaendi kutafuta. Mabaki yakipatikana kwa bahati, wizara yao ya ulinzi inasaka jina na ndugu, kisha marehemu anazikwa karibu na alipopatikana, kwa utaratibu uliorithiwa tangu vita vya kwanza: hakuna kusafirisha maiti kurudi nyumbani.

Kabla ya kuhukumu nani yuko sahihi, inafaa kujua jina lenyewe hupatikana vipi, maana wengi hudhani ni suala la kufukua mifupa na kuipeleka maabara.

Ndege iliyoanguka kwa kasi kwenye udongo laini huzama mita kadhaa, injini zikitangulia. Huko chini hakuna umbo la ndege. Kuna alumini iliyokunjamana, tope lililoloa mafuta, risasi, na pengine mabomu ambayo hayajalipuka. Katika tope hilo mchunguzi hutafuta namba kabla ya mifupa: bamba dogo la kiwandani, namba iliyogongwa kwenye injini, namba za bunduki za rashasha. Kuanzia 1943 jeshi la anga la Marekani liliandika ripoti kwa kila ndege iliyopotea na watu wake, na ndani yake ziliwekwa namba za injini na za bunduki pamoja na majina. Namba moja ikisomeka vizuri, orodha ya waliokuwemo haiko mbali.

Lakini ndege ikishajulikana, watu bado hawajajulikana. Ndege kubwa ya mabomu ilibeba watu saba, nyingine kumi, na mifupa yao ikachanganyika. Hapo ndipo vinasaba huingia, na kwa mifupa mikongwe kinachotumika sana ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvipata kwa mama peke yake. Maana yake ni kwamba rubani aliyeacha mtoto hawezi kutambuliwa kupitia mtoto huyo kwa kipimo hiki. Anatakiwa ndugu yake wa tumbo moja, au mtoto wa dada yake, au mjukuu wa dada kupitia binti. Tena kipimo hakitaji mtu mmoja, kinataja uzao wa mama mmoja, kwa hiyo lazima kiungwe mkono na meno, urefu wa mifupa na kumbukumbu za jeshi. Kwa baadhi ya waliopotea, hasa wa vita vya Korea, maabara ya Marekani hutumia hata picha za eksirei zilizopigwa kupima kifua kikuu, kwa sababu umbo la mtulinga hutofautiana mtu na mtu, na picha ya kijana aliyekuwa hai huweza kulinganishwa na mfupa uliotoka ardhini.

Wakati mwingine kinachosema ni kitu cha mfukoni. Katika ziwa Markermeer nchini Uholanzi, mabaki ya ndege ya mabomu aina ya Stirling yalidhaniwa kwanza kuwa ya ndege yenye namba BK710. Kisha ikachunguzwa kasha la sigara lililotoka humo, likiwa na herufi za mwanzo za jina la mwenyewe, na herufi hizo hazikulingana na mtu yeyote wa BK710. Zililingana na mmoja wa wale saba wa BK716, iliyopotea Machi 1943 ikitoka kushambulia Berlin. Bila kasha hilo, familia nyingine kabisa zingeambiwa kwamba wapendwa wao wamepatikana.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, ambao hoja zao ni nzito kuliko zinavyochukuliwa. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi. Kila ndege ya jeshi iliyoanguka nchini humo inalindwa papo hapo, na kuifukua bila leseni ni kosa. Palipo na dalili kwamba ndani kuna mabaki ya binadamu, leseni kwa kawaida haitolewi. Msingi wake ni kwamba mtu alikwishalala pale, na anayetaka kumwamsha ndiye mwenye wajibu wa kueleza sababu. Kuna hatari ya mabomu. Kuna gharama, na ukweli mchungu kwamba kinachopatikana baada ya kazi yote pengine ni vipande vya mifupa vinavyojaa mkononi. Juu ya hayo, mjane na ndugu walioomboleza wakaendelea na maisha wameshakufa, na anayepigiwa simu leo ni mjukuu wa dada ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata mara moja.

Hoja hii ya mwisho ndiyo isiyonishawishi. Anayedhani muda hufuta maswali ya familia aangalie kisa cha ndege ya Marekani iliyoitwa Lady Be Good. Ilipotea tarehe 4 Aprili 1943 baada ya shambulio la Naples, na kwa miaka mingi ilidhaniwa imezama Mediterania. Ikaonekana mwaka 1958, mamia ya kilomita ndani ya jangwa la Libya, bunduki zake bado zinafyatuka, wala hakuna mtu ndani. Waliofika hapo wangeishia kuchukua vifaa na kupiga picha, tungebaki na fumbo. Walitafuta watu. Mwaka 1960 walipatikana wanane kati ya tisa, na pamoja nao shajara ya rubani msaidizi iliyoeleza siku kwa siku jinsi walivyoruka kwa parachuti gizani wakidhani wako karibu na bahari, kisha wakatembea kwa zaidi ya wiki wakiwa na maji kidogo mno. Familia zilipata mifupa ya kuzika, na zaidi ya hapo zikajua kilichotokea. Bila kujua hilo, matanga hayaanuki.

Kuna jambo jingine ambalo kambi ya "yaachwe" hulipita haraka: kuacha hakumaanishi kubaki salama. Nyavu za wavuvi huyaburura, mitaro huchimbwa, maji ya chumvi hula alumini. Ndege ya Ujerumani aina ya Dornier iliyoinuliwa mwezi Juni 2013 kutoka baharini, kwenye fungu la mchanga la Goodwin Sands karibu na pwani ya Uingereza, ililiwa kiasi kwamba ilibidi inyunyiziwe maji yenye asidi ya limau kwa muda mrefu ili chumvi isiimalize hewani. Halafu kuna wanaochimba bila kuuliza mtu. Machi 2017 kule Denmark, mvulana wa miaka 14 na baba yake walifukua shambani kwao ndege ya Ujerumani aina ya Messerschmitt wakafikia mifupa, sare na karatasi za rubani. Walifanya kwa nia njema na wakawaita polisi, eneo likafungwa kwa hofu ya milipuko. Je, kama wangekuwa na nia nyingine?

Nia hiyo nyingine ina bei. Spitfire P9374, iliyotua kwenye ufuko wa Calais mwezi Mei 1940 na kufunuliwa na mchanga miaka 40 baadaye, ilifufuliwa hadi ikaruka tena na kuuzwa mnadani mwaka 2015 kwa zaidi ya paundi milioni 3. Fedha zilikwenda kwenye hisani, na rubani wake hakufa katika kutua huko, kwa hiyo hapo hakuna wa kulaumiwa. Ila angalia utaratibu wa biashara yenyewe. Ndege inayojengwa upya kwa sehemu kubwa ya vipuri vipya huhesabiwa kuwa ni ileile ya 1940 kwa sababu ina utambulisho wake, na utambulisho huo unabebwa na bamba la kiwandani na vipande vichache vya asili. Bamba lilelile ambalo mchunguzi analihitaji ili kupata majina ya wafu ndilo mfanyabiashara analolihitaji ili kupata mamilioni. Likishatoka ardhini kwa siri na kuingia sanduku la mtu, mifupa iliyobaki imepoteza shahidi wake mkuu.

Ndiyo maana nauona utaratibu wa Waholanzi kuwa na akili kuliko wa Marekani na wa Uingereza pia. Zaidi ya ndege 5,000 zilianguka katika nchi yao ndogo, na hawakusema wataziinua zote. Mwaka 2019 walianzisha mpango wa kitaifa unaolenga ndege 30 hadi 50 tu, zile ambazo huenda bado zina watu ndani na ambazo kuwapata kunawezekana, na serikali kuu inabeba gharama badala ya kuitwisha halmashauri mzigo huo. BK716 iliinuliwa mwaka 2020 chini ya mpango huo. Hakuna lengo la idadi ya mwaka linaloweza kuisukuma maabara kuchagua kesi rahisi, na hakuna kusubiri jembe la mkulima ligonge fuvu.

Mpango kama huo, hata hivyo, unafaa nchi tajiri yenye maji ya kina kifupi. Papua New Guinea ina mabaki mengi kuliko inavyoweza kuyalinda, na ilipoondolewa ndege ya mabomu ya Marekani, B-17 iliyojulikana kama Swamp Ghost, mwaka 2006, ugomvi ulikuwa wa nani alikuwa na haki ya kuruhusu iondoke. Watu wote tisa waliokuwemo walinusurika mwaka 1942, na kwa hiyo pale hakuna familia inayosubiri. Katika hali hiyo neno la mwisho lingekuwa la wenye ardhi, na sioni hoja ya heshima kwa wafu inayoweza kuwashinda.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi uliozama unataka kuacha vitu mahali pake kuwe chaguo la kwanza, na unakataza kuvifanyia biashara. Unahusu vitu vilivyokaa chini ya maji kwa miaka 100, hivyo ndege za kwanza za vita hivi zitaingia humo mwaka 2039. Marekani na Uingereza hazikuwa miongoni mwa nchi zilizouridhia ulipoanza kutumika mwaka 2009. Hata hivyo, kwa upande wa chuma, mkataba huo unakwenda njia niliyoikubali.

Kwa upande wa watu, kazi ya haraka haihitaji hata winchi: ni kuchukua sampuli za vinasaba za ndugu wa upande wa mama wakiwa bado hai, na kusoma na kupiga picha kila namba inayoonekana bila kuhamisha kitu. Kinachobaki kigumu ni ndege ya watu saba ambayo familia moja inataka ifukuliwe na sita zinataka iachwe. Mimi ningeisikiliza ile moja. Wale sita wakitolewa watazikwa tena, safari hii kwa majina yao au kwa pamoja chini ya jiwe lenye majina yote saba, wakati yule wa saba akiachwa hana njia nyingine ya kupatikana.